Draya inapasha dakika 10, kisha inapuliza baridi

Mzee, shikamoo.

Naandika kutoka Shanty Town, Moshi. Mwaka jana shemeji yangu anayeishi Marekani alituwekea kwenye kontena mashine ya kukaushia nguo, ile inayotumia gesi. Ni mtumba lakini imara, na masika haya imetuokoa kweli. Tuna watoto wadogo, na mama mkwe yuko kwetu tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, kwa hiyo mashuka yanafuliwa kila siku. Unajua Moshi mvua ikishika: unaanika Jumatatu, unaanua Alhamisi, na nguo bado inanuka uvundo.

Tatizo lilianza baada ya Pasaka. Nikiwasha, ngoma inazunguka vizuri na joto linakuja, tena kali, nguo ukizishika zinachoma. Baada ya kama dakika 10 joto linakata. Ngoma inaendelea kuzunguka, upepo unatoka, ila wa baridi. Nikiizima nikaiacha ipumzike nusu saa, inapasha tena, halafu yale yale. Mashuka mawili yanakula asubuhi nzima.

Nilibadilisha mtungi nikidhani gesi imeisha. Tunatumia wa kilo 15. Fundi wa gesi aliunganisha mpira na regyuleta kama ya jiko, na mashine ikawaka siku hiyohiyo. Umeme inaupata kupitia transfoma ya kushusha hadi volti 120. Kichujio cha nyuzinyuzi nakisafisha.

Fundi wa majokofu amekuja, akaifungua na kupima kwa mita. Anasema kuna themostati ndogo ndiyo inayokata, imekufa. Anataka kuiruka, aunge waya moja kwa moja, kwa hela kidogo tu. Baba watoto amekubali. Anasema afadhali hivyo kuliko kungoja kipuri cha kutoka ng'ambo. Mimi roho inasita. Shemeji naye anauliza atume kipuri gani, kuna mtu wake anakuja Juni.

Mengine ni madogo. Mashati meupe ya shule siku hizi yanatoka na kivuli cha kijivu, nadhani ni sabuni. Na binti anayenisaidia kazi analalamika kichwa kila akipiga pasi mle stoo iliko mashine. Nafikiri ni joto, maana bomba la kutolea hewa linamwaga mlemle ndani. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

Nishauri, mzee. Niwaache waunge?

Mama wa Shanty Town

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa masika, na hongera kwa kumtunza mama mkwe.

Wasiunge. Na nakuongezea ambalo hukuliuliza: mashine hiyo isiwashwe tena, hata kwa soksi za mtoto, mpaka bomba lake litoke nje ya nyumba. Yale uliyoyaweka mwishoni ukayaita madogo ndiyo yaliyonishtua.

Draya ya gesi ina moto wa kweli ndani yake, na hewa ya moto ule haina njia yake peke yake. Inavutwa na feni, inapita katikati ya nguo, inabeba unyevu na kutoka kwa bomba hilohilo moja. Kwa hiyo hilo mnaloliona kama bomba la kutolea joto ndilo dohani la mashine. Moto ukipata hewa ya kutosha unatoa zaidi mvuke na kaboni dioksidi. Ukiikosa, unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ndiyo ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa mlango umefungwa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Mtu akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani kinaanza tena.

Muulize huyo binti kama kichwa kinaachia akikaa uani. Hata asipokuwa na uhakika, apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, na mueleze waziwazi kwamba anafanya kazi kwenye chumba chenye moto wa gesi usio na bomba la nje. Msiposema, atapimwa malaria, apewe dawa ya maumivu, arudi stoo. Hukuniambia chumba cha mama mkwe kiko wapi. Mtu asiyetoka kitandani ndiye anayevuta hewa ya nyumba kwa saa nyingi kuliko wote, kwa hiyo na yeye aangaliwe.

Mwenye nyumba anakataa kutobolewa ukuta, na ukuta ni wake. Lakini stoo ikiwa na dirisha, toeni kioo kimoja, mweke bati lililokatwa kwa kipimo cha kioo hicho, lenye tundu la inchi 4, na bomba lipite hapo. Siku ya kuhama mnarudisha kioo chake. Fundi bati yeyote wa mjini atawatengenezea. Mwambieni bomba liwe la bati gumu, si la plastiki wala lile la karatasi ya fedha linalokunjika. Liwe fupi, kona chache, na maungio yafungwe kwa tepu ya aluminiamu badala ya skrubu, kwa sababu ncha za skrubu zinazochomoza ndani hunasa nyuzinyuzi. Nje kuwe na kifuniko kinachofunguka upepo ukitoka. Msiweke wavu wa panya. Utaziba haraka sana. Na mdomo wa bomba usielekee dirisha la mtu. Kama stoo haina dirisha, mashine ihame.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe.

Umeandika kama mtu ambaye mashine yake inakosa joto. Mimi naona mashine iliyozidiwa na joto, inayojikata ili isiunguze nguo na nyumba. Nguo zinachoma mkononi, halafu joto linakata, halafu baada ya kupumzika linarudi. Themostati iliyokufa haifufuki baada ya nusu saa.

Karibu na kichomeo kuna themostati ya usalama. Joto likipita kiwango chake inakata njia ya umeme, vali ya gesi inajifunga, moto unazima, huku ngoma na feni vikiendelea. Ikipoa inaunganika yenyewe. Fundi wako aliweka mita akakuta umeme haupiti, na hapo alipima sawasawa. Alipokosea ni kudhani kuwa kinachokata ndicho kibovu. Mlinzi amepiga filimbi usiku, nyie mnamfukuza kazi kwa kuwapigia kelele. Ikirukwa hiyo, moto hautakatwa na kitu cha karibu mpaka aungue yule mlinzi wa pili, fyuzi ya joto, ambayo haijirudishi, ikiungua inabadilishwa. Na mafundi wa aina hii, nimewaona, siku fyuzi ikiungua wanairuka nayo. Chini ya ngoma ya draya iliyozoea kazi kuna nyuzinyuzi za pamba zilizokauka kabisa. Sihitaji kueleza zaidi.

Kwa nini joto lizidi? Nadhani jibu liko kwenye sentensi yako kwamba fundi wa gesi aliunganisha mpira na mashine ikawaka siku hiyohiyo. Draya nyingi za majumbani za Marekani hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa gesi asilia, ile inayofika nyumbani kwa bomba la mtaani. Gesi asilia yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay haijaletwa kwa bomba huku Kilimanjaro. Moshi tunapikia ya mitungi, yaani LPG, ambayo ni propani na butani. Kwa ujazo uleule, LPG ina nishati karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia. Ndiyo sababu mashine ikihamishwa kutoka gesi moja kwenda nyingine lazima ibadilishwe nozeli, ule mdomo unaopulizia gesi, iwekwe yenye tundu dogo zaidi, na sehemu ya vali inayosawazisha mgandamizo nayo ibadilishwe au ifungwe, kulingana na modeli. Hilo lisipofanyika mashine itawaka tu, tena kwa mbwembwe. Moto utazidi kipimo chake kwa karibu nusu nzima, utakuwa mrefu na wa manjano kwa kukosa hewa, na utatoa masizi. Hayo ndiyo naamini yako kwenye kola za mashati ya shule. Usibadilishe sabuni kwanza.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Fungua mlango wa draya uangalie kwenye fremu, kuna kibao chenye namba ya modeli na aina ya gesi. Kikiandika Natural Gas, yaani gesi asilia, na hakuna popote karatasi iliyobandikwa kuonyesha kwamba ilishabadilishwa kwenda LP, ndiyo LPG, basi mashtaka yamekamilika. Ushahidi mwingine ni rangi ya moto, na huo auangalie fundi, bomba likiwa limeshatoka nje na madirisha yakiwa wazi: moto wa bluu ni mzuri, ncha ya manjano kidogo inavumilika kwa LPG, lakini moto wa manjano wote unaolamba bati ni mbaya.

Kuna jambo la pili linaloongeza joto, na hili wengi hawalijui. Transfoma yenu inashusha volti kutoka 230 hadi 120, lakini haigusi Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni Hz 60, wetu ni 50. Mota ya draya hufuata Hz, kwa hiyo hapa inazunguka pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, na feni iliyo kwenye mota hiyohiyo inavuta hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Moto umezidi, hewa imepungua, na ile iliyopo ilikuwa imejaa joto na unyevu wa stoo isiyo na pa kutokea. Themostati ifanye nini?

La tatu ni nyuzinyuzi. Unasafisha kichujio, vizuri, lakini jaribu hivi: kitoe, kimwagie maji ya bomba. Maji yakituama juu ya wavu badala ya kupita, una utando wa masizi au wa dawa ya kulainishia nguo usioonekana kwa macho. Uoshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Halafu fundi atoe bati la mbele au la nyuma asafishe chini ya ngoma na njia ya feni, plagi ikiwa imechomolewa na mtungi umefungwa.

Hayo ndiyo naona mimi kutoka mbali. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana sana na wako, na ningemwonea huyo fundi kama nisingeutaja. Vali ya gesi inafunguliwa na koili za sumaku, na koili zilizochoka hufanya kazi zikiwa baridi, zikipata joto zinashindwa kuvuta. Mtu anapata moto wa kwanza, labda na wa pili, kisha baridi. Tofauti ni kwamba nguo za mgonjwa huyo hazichomi mkononi. Zinakuwa vuguvugu na mbichi.

Tofauti inaonekana kwa macho. Kwenye mashine nyingi kuna kitundu cha kuchungulia au kibati kidogo chini mbele. Ikiwa nzima, kiwashio kinaanza kung'aa rangi ya chungwa, sensa iliyo pembeni inahisi mng'ao huo, na ndani ya dakika moja vali inalia tiki, moto unashika, kiwashio kinazima. Sasa subirini joto likate, mchungulie. Kiwashio kiking'aa, kikazima, moto usitokee, kisha baada ya muda kikarudia vilevile, ni koili. Kikikaa giza kabisa mpaka mashine ipoe, themostati imekata, rudini kwenye niliyoyasema juu. Kiking'aa moja kwa moja bila kuzima wala kuwasha, sensa imeganda. Na siku mkikuta haking'ai hata mashine ikiwa baridi asubuhi, kiwashio kimepasuka au fyuzi ya joto imeungua, na fyuzi iliyoungua ina sababu yake. Kiwashio hicho msikishike kwa vidole. Ni kama kigae, kinavunjika kwa kuguswa tu.

Mpime pia umeme jioni. Mkipata volti 180 ukutani, na kwenye mitaa mingi hilo si jambo la ajabu watu wote wanapopika, transfoma inaipa mashine kama volti 94. Koili nzima kabisa inaweza kushindwa hapo, ikaonekana mbovu.

Kuhusu mtungi, hukukosea kuufikiria. Kichomeo cha draya ya nyumbani kina nguvu ya takribani kilowati 6, ambayo ni kama mafiga mawili makubwa ya jiko yakiwa wazi kabisa kwa pamoja, na kinakula karibu nusu kilo ya gesi kwa kila saa ya moto mfululizo. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauwezi kwenda na kasi hiyo kwa muda mrefu. Gesi inapogeuka kutoka kimiminika inapoza chuma, mtungi unatoka jasho, mgandamizo unashuka, moto unanywea. Ukiwa unakaribia kuisha ni zaidi, kwa sababu propani hutangulia kutoka na butani hubaki, na butani huacha kuchemka ikikaribia nyuzi 0. Miezi ya Juni na Julai huku kwetu mtaliona hilo. Lakini dalili yake ni moto mdogo, na wewe unalia moto mkali. Hata siku hiyo ikifika, msiulaze mtungi wala kuumwagia maji ya moto kama nionavyo watu wakifanya: ukilazwa, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta. Mtungi usimame, ukae nje penye kivuli na hewa, si stoo, kwa sababu LPG ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa sakafuni na kukaa hapo. Kila ukibadilishwa, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Regyuleta ibaki hiyo ya jiko la nyumbani. Zile za majiko makubwa ya mama lishe ni za mgandamizo mkubwa, zisikaribie draya.

Baba watoto ana haki ya kuchoka na mashuka mabichi. Mwambie tu kwamba fundi ameshika kifaa sahihi akakipa hukumu isiyo yake, na kwamba kazi ya kwanza, dirisha na bomba, haihitaji kipuri chochote cha ng'ambo. Inaweza kufanyika wiki hii. Kubadili nozeli kufanywe na fundi anayeshughulika na vichomeo vya gesi vya hoteli au hospitali. Moshi na Arusha wapo, kwa sababu hoteli za watalii zina mashine za aina hii. Si huyu wa majokofu, na si yule aliyeunganisha mpira. Katikati ya sasa na hapo, zungusheni mashuka mara ya pili kwenye mashine ya kufulia, mzunguko wa kukamua tu, mwanike barazani. Si raha, najua.

Shemeji apigiwe picha ya kile kibao cha mlangoni na kutumiwa. Anunue vifaa vya kuhamishia modeli hiyohiyo kwenda LP, si vya modeli inayofanana. Aongeze king'ora cha kaboni monoksidi cha betri. Ni kidogo, kinaingia kwenye begi. Koili ni rahisi na seti moja hutoshea chapa nyingi za Kimarekani, kwa hiyo akiweka seti ya akiba si hasara. Themostati ya usalama na fyuzi yake aweke moja moja pia, maana iliyokata mara nyingi huchoka, ila zifungwe baada ya nozeli kubadilishwa, si kabla.